Ukoko, Mjukuu wa Ngao ya Jabali

— Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie iingie!
— Ina vumbi miguuni!
— Ipe maji inawe!

Haya, imenawa, imeketi. Na nyie kaeni vizuri. Mbaazi menyeni huku mnasikiliza, ila midomo ifungeni.

Tangu asubuhi mnanipigia kelele kama kunguru. Huyu anasema mtoto wa kaka yangu Mbaruku aitwe Kifundo, kwa kuwa kazaliwa amekunja ngumi. Yule anasema la, aitwe Mhina, jina la babu yenu. Kesho mtoto anatimiza siku saba, jina linatakiwa, na nyie mnarushiana maganda tu. Basi shangazi yenu anawasimulia habari za pimbi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, pimbi walikuwa na jabali lao. Pimbi mnamjua? Ni mdogo kama sungura, mkia hana, na maringo yake yanamzidi kimo. Kazi yake ni kula majani na kuota jua juu ya mawe. Wenzake wakiota jua, mmoja hukaa kileleni kulinda. Akimwona Tai, hupiga ukelele, na wote huingia kwenye nyufa za jabali.

Mlinzi wa kwanza kabisa alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Ngao ya Jabali. Siku moja Tai alikuja kutokea upande wa jua, asionekane. Yule mzee akamwona. Akapiga ukelele. Akapiga tena. Hakushuka kileleni mpaka mtoto wa mwisho alipoingia ndani. Siku ile walipona wote isipokuwa yeye.

Mwanawe ndiye Baba Pimbi wa hadithi yetu. Alijivunia baba yake huyo, we! Ukimwamkia tu asubuhi, kabla hajakuitikia keshaanza, "Mimi ni mtoto wa Ngao ya Jabali."

Sasa pimbi walikuwa na mila yao. Mtoto akitimiza siku saba, baba yake hupanda kileleni na kulitangaza jina lake mara tatu, kwa sauti kubwa, bonde zima lisikie. Ilikuwa fahari kubwa. Lakini bondeni mle alikuwemo nani mwingine?

Ehe, Tai! Na wao hilo hawakuliwaza.

Mama Pimbi akazaa mtoto wa kwanza. Baba akapanda kileleni: "Nuru ya Jabali! Nuru ya Jabali! Nuru ya Jabali!" Tai akasikia, akalishika jina. Mama alipokwenda kutafuta majani, Tai akatua mlangoni, akaigiza sauti ya mama, akaimba:

Nuru, mwanangu Nuru,
toka nje ujiote,
jua limewaka juu,
mama yako nangojea.

Mtoto akasikia jina lake, akatoka. Mama aliporudi alikuta pango tupu.

Akazaa wa pili. Baba akapanda: "Pambo la Jabali! Pambo la Jabali! Pambo la Jabali!" Tai akalishika jina.

Pambo, mwanangu Pambo,
toka nje ujiote,
jua limewaka juu,
mama yako nangojea.

Mtoto akatoka. Mama aliporudi, pango tupu. Mama yule alilia mpaka sauti ikamkauka.

Akazaa wa tatu, dume, mwenye macho makubwa. Baba Pimbi alimtazama, kifua kikamjaa. "Huyu ni baba yangu karudi," alisema. "Huyu jina lake Ngao ya Jabali. Siku ya saba nitalitangaza mpaka milima ya ng'ambo iitike."

"Hulitangazi," akasema Mama Pimbi.

"Nini?"

"Hulitangazi, mume wangu. Wawili umewatangaza, wako wapi? Huyu ataitwa Ukoko."

Baba akaruka kama amekanyaga kaa la moto. "Ukoko! Ukoko wa chunguni? Mjukuu wa Ngao ya Jabali?"

"Wa chunguni, ndiyo. Wenzake wamepakuliwa wote wakaondoka. Huyu nataka anigandie."

Baba Pimbi akakaa chini, akashika kichwa. "Na jina la baba yangu? Lipotee hivihivi?"

"Halipotei," mama akasema. Akaenda akaketi karibu naye. "Nimelikubali jina la baba mkwe tangu siku ya kwanza, na ninalionea fahari kuliko wewe unavyodhani. Nitamnong'oneza mtoto sikioni, alijue yeye, na mimi, na wewe. Siku akiwa na nguvu za kulibeba, atalitangaza mwenyewe."

Siku ya saba ikafika. Pimbi wote wakakusanyika, mikia wangekuwa nayo wangeitikisa. Wanangoja jina zito. Baba Pimbi akapanda kileleni, akatazama huku, akatazama kule, akameza mate.

"Ukoko," akasema.

"Hatusikii!"

"Ukoko! Ukoko! Haya, mmesikia!"

Pimbi walicheka wakaviringika kwenye mawe yote. Hata Tai, kule mtini kwake, alicheka. "Safari hii wamenizalia ukoko. Si kitu, nitautafuna tu." Baba Pimbi akashuka na aibu yake, asimtazame mtu. Aliimeza kwa ajili ya mwanawe, na mimi hapo ndipo ninapompenda.

Mtoto akakua. Ukoko njoo, Ukoko acha, Ukoko umekula? Jabali zima likampenda kwa jina hilo. Lakini kila alfajiri, kabla hajatoka, mama alimwekea mdomo sikioni. "Wewe nani?"

"Ngao ya Jabali."

"Ukiwa peke yako pangoni, mtu akakuita Ukoko, utafanyaje?"

"Sitoki."

"Hata kwa sauti yangu?"

"Hata kwa sauti yako, mama. Mpaka uniite jina la babu."

Siku moja mama alipokwenda kutafuta majani, Tai akatua mlangoni.

Ukoko, mwanangu Ukoko,
toka nje ujiote,
jua limewaka juu,
mama yako nangojea.

Ukoko akasikia sauti ya mama. Miguu ikamwasha kutoka. Lakini akakaa.

Siku ya pili Tai akaja na majani mabichi mdomoni, akayatupa mlangoni, akaimba tena. Harufu ikaingia mpaka ndani, na mtoto alikuwa na njaa, maskini! Lakini akakaa.

Siku ya tatu Tai hakuimba. Alilia. "Ukoko, mwanangu, nimevunjika mguu! Njoo unishike mkono, Ukoko, mama yako nakufa!"

Hapo mtoto alishindwa. Naye akaanza kulia, akasogea mpaka karibu na mlango, akasimama. Akasema kwa kwikwi, "Mama, kama ni wewe, niite jina langu."

"Si ndilo hilo? Ukoko!"

"Jingine."

Tai akababaika. "Ukoko... Ukoko wa Chungu!"

"Silo."

"Ukoko wa Wali! Ukoko wa Ugali! Mwana wa Mama Ukoko!"

Mtoto akafuta machozi. Akajua aliye nje hakumzaa. Akarudi ndani kabisa.

Tai kwa hasira akatumbukiza mguu ndani ya ufa ampapase. Nanyi meno ya pimbi hamjayaona, yale mawili ya mbele? Ukoko alifumba macho, akauma ule mguu. Tai alipiga yowe likasikika bonde zima! Akachomoa mguu wake, kucha moja imebaki pangoni, akaruka anachechemea hewani, kama inawezekana kuchechemea hewani. Msiniulize mimi.

Mama akaja mbio. Alikuta damu mlangoni na majani yamenyauka. Hakupiga kelele. Akainama, akanong'ona kwenye ufa:

"Ngao ya Jabali."

Akasogeza mdomo karibu zaidi.

"Ngao ya Jabali, mwanangu."

Mtoto akatoka na ile kucha mdomoni. Mama alimkumbatia, hakumwachia mpaka jua likapinda.

Miaka ikapita. Ukoko akawa dume zima, ikafika zamu yake ya kulinda kileleni. Siku hiyohiyo ya kwanza, wote wakiota jua, Tai akaja kutokea upande wa jua, vilevile kama zamani. Ukoko akamwona. Akapiga ukelele. Akapiga tena. Mawe yakabaki matupu, hakuna aliyekosekana, na yeye akajibana kwenye ufa wa kileleni, kichwa nje.

Tai akazunguka juu yake. "Wewe ni nani, uliyeniharibia chakula changu?"

Hapo Ukoko akavuta pumzi. Alitangaza mara tatu, milima ya ng'ambo ikaitika:

"Ngao ya Jabali! Ngao ya Jabali! Mimi ni Ngao ya Jabali, mjukuu wa Ngao ya Jabali! Na Ukoko ndiye mimi, kucha yako ninayo!"

Tai hakungoja. Bondeni mle hakuonekana tena. Na Baba Pimbi? Mzee alisimama katikati ya jabali, machozi yanamtiririka, anamwambia kila anayepita, "Mmesikia? Huyo mwanangu. Mmesikia jina lake?" Pimbi wote wakamshangilia, vigelegele kila ufa.

Katikati ya shangwe ile mama yake akapaza sauti kutoka chini, "Ukoko! Shuka ule, chakula kinapoa!"

Mlinzi wa jabali akashuka mbio, kama mtoto.

Basi mmesikia. Fundisho lake ni hili: jina la nyumbani humlea mtoto, na jina la ukoo humpa pa kusimama. Yote mawili ni yake, wala msimnyang'anye hata moja kwa ubishi wenu. Na kitu cha thamani msikitangaze kwa majivuno kabla mwenyewe hajaweza kukilinda.

Babu yenu Mhina alichonga mfereji ule mnaochotea maji mpaka leo, kwa jembe lake, kwenye mawe matupu. Ukilitaja jina lake soko lote linamjua. Na humu ndani bibi yenu alikuwa akimwita Kijiko, kwa kuwa hakubanduka kwenye chungu, na akiitwa Kijiko alikuja anacheka. Kwa hiyo kesho Mbaruku atamnong'oneza mwanawe sikioni: Mhina. Nanyi mwiteni Kifundo uani mpaka mchoke. Siku akisimama mbele za watu na kusema yeye ni Mhina, wanangu, nataka mpige vigelegele mpaka huko niliko nisikie.

Hadithi imeinuka, imekung'uta mkeka, imeaga wenyeji.
— Iende salama!
Itarudi na nani?
— Na atakayeisimulia!

Haya, leteni hizo mbaazi. Ni nani huyu aliyekula mbichi?