Kiti cha Kumpumzisha Mama

Hebu niwape habari za fundi mmoja, kisha mniambie kama hamumjui.

Fundi huyo alikuwa na karakana ya kubuni samani za mahali pa biashara: kaunta za hoteli, meza za ofisi, viti vya watu wanaosubiri benki. Siku moja akabuni kiti ambacho hakijapata kuonekana. Ukikaa, kinaupokea mgongo wako, kinanyanyua miguu taratibu, na uchovu wote unakutoka. Hoteli zikakigombania. Karakana ikapewa tuzo ya ubunifu, mchana kweupe, ukumbi umejaa, waandishi wa habari wametanda.

Fundi akamwalika mama yake. Mama wa watu akatoka kijijini na basi la alfajiri, miguu imevimba. Kufika, viti vyote vya ukumbini vina watu. Akakiona kile cha mwanawe, kitupu, kimewekwa pembeni juu ya zulia. Akakisogelea.

Mlinzi akamzuia. "Mama, hapo hapakaliwi."

"Baba, miguu inaniuma. Na aliyekitengeneza ni mwanangu wa kumzaa."

"Ndiye aliyeniagiza, mama yangu. Asikae mtu, awe nani awe nani, mpaka kipigwe picha. Kitambaa kitachafuka."

"Basi nitasimama," mama akasema. "Sitaki kumharibia siku yake."

Akasimama saa nzima, mkono ukutani. Jukwaani waamuzi wakasoma sifa za kiti, moja baada ya nyingine. Fundi akashika kipaza sauti: "Kiti hiki nilikibuni nikiwaza miguu ya mama yangu!" Makofi! Vigelegele! Na katikati ya vigelegele hivyo, mama akaanguka chini puu. Nyonga ikavunjika, hatua moja tu kutoka kwenye kiti.

Fundi akashuka mbio, akamkwida mlinzi shati. "Kwa nini hukumwacha akae?"

"Bosi, si wewe uliyesema asikae mtu?"

Nawasikia mnaguna. Mnamwona fundi mpumbavu, siyo? Kiti cha kumpumzisha mama kimekuwa kikubwa kuliko mama mwenyewe! Jamani, mtu anafikaje hapo?

Lakini ngojeni kidogo. Sisi nasi tumesifiwa. Majuzi usharika wetu umepewa cheti cha ukarimu, tumekitundika pale ukutani, kila mtu amepiga nacho picha. Sasa tazameni mstari huu wa mbele. Viti sita vitupu, kila kimoja kimebandikwa karatasi: Mgeni Rasmi. Hata mgeni mmoja hajafika. Haya, geukeni mlangoni. Yule bibi mwenye kanga, aliyeshikilia fremu ya mlango, amesimama tangu wimbo wa kwanza. Mnamwona? Mimi namwona tangu hapo. Nimehubiri namtazama! Na karatasi hizi nimezibandika kwa mkono wangu mwenyewe jana jioni.

Nimeshtuka, ndugu zangu. Tumeimba asubuhi hii kwamba nyumba ya Mungu ni pumziko la waliochoka, na aliyechoka tumemwacha mlangoni, tukaimba beti zote nne.

Wazee wa kanisa, bandueni karatasi hizo. Bibi, njoo mbele ukae. Siongezi neno mpaka uwe umekaa.