Pimbi, Kifaru na Lugha ya Kigota

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa bado wanakaa majumbani, wanafagia nyua zao na kuazimana chumvi, hakuna aliyejenga nyumba kwa mikono yake. Kazi ya ujenzi ilikuwa ya mchwa.

Mchwa mnawajua? Wadogo, weupe, hawaoni. Ukiwapigia kelele mpaka koo likukauke, hawakusikii. Wao husikia kitu kimoja tu: ardhi ikigotwa. Gota chini kwa mpangilio wanaouelewa, mgoto mzito, mwepesi, mwepesi, mzito, utawaona wanatoka makundi kwa makundi na kufanya ulilosema. Lakini angalia! Ukikosea mgoto mmoja, watafanya ulichosema, si ulichotaka.

Wa kwanza kuijua lugha hiyo alikuwa Bwana Kifaru. Na tumpe haki yake, aliisotea. Alilala pembeni ya vichuguu, jua lake mvua yake, mpaka akaielewa. Ila alipokwisha kuielewa, hakumfundisha mtu. Alitunga kokoto kwenye uzi wa katani, kubwa kwa mgoto mzito na ndogo kwa mgoto mwepesi, akautia uzi ndani ya kibuyu, akaziba mdomo kwa nta. Kibuyu kimoja, amri moja. Ukikitikisa kikigonga ardhi, kacha-kacha-kum! mchwa hao, wanajenga.

Na kila aliyechukua kibuyu alisomewa masharti kwa sauti nzito kama ngurumo:

"Usikifungue! Usikiige! Usimpe jirani! Na kila mavuno, mtama wa kwanza unakuja kwangu!"

"Ndiyo, Bwana Kifaru," wanyama walijibu. Wangefanya nini? Bila kibuyu hakuna nyumba.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo Bi Pimbi. Mnyama mdogo wa majabalini, mnene, mwenye masikio ya duara na miguu isiyotulia. Alikuwa na watoto mapacha, na alikaa katika nyumba iliyojengwa kwa kibuyu cha Kifaru. Nyumba imara kweli, kuta nene. Lakini mlango! Kifaru alikuwa amepima kila kitu kwa tumbo lake mwenyewe. Mlango wa Bi Pimbi ungeweza kupitisha harusi nzima, na wapiga ngoma wake ubavuni.

Masika yaliyopita maji yaliingia kwenye mlango ule, shwaaa! Yakabeba mikeka, yakabeba chungu chenye kunde. Bi Pimbi aliwashika mapacha wake mmoja kila kwapa, akakwea ukutani. Jirani yake, Mama Kware, hakuwahi. Mayai yake yote yalielea nje, huku yeye akipiga mbawa na kulia.

Na sasa mawingu yalikuwa yameanza tena kukusanyika upande wa milimani. Bi Pimbi alipoyaona, moyo wake ulipiga pu! Akafunga safari mpaka kwa Kifaru.

"Hodi, kaka mkubwa!"

"Nani huyo? Sioni mtu."

"Tazama chini. Ni mimi, Pimbi."

"Aa, bi mdogo. Unataka nini?"

"Nataka mlango mdogo, kaka. Huu ulionipa unaingiza mto."

Kifaru akapumua, fuuuh! mpaka Bi Pimbi akarudi nyuma bila kupenda.

"Kibuyu cha nyumba kina mlango wa nyumba. Nikipata nafasi nitaliangalia jambo lako. Labda masika yajayo, labda yale ya baadaye."

"Basi niruhusu nikifungue mimi, nibadilishe mlango tu, nikizibe tena."

"Kukifungua?" Kifaru alisimama, na vumbi likasimama naye. "Uguse nta yangu uone! Nenda nyumbani, ukatandike mkeka wako juu zaidi!"

Bi Pimbi akaondoka. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa ameahidi kutokifungua kibuyu, na ahadi aliitunza. "Haya," akajisemea. "Kibuyu ni chake. Lakini mchwa je? Mchwa hawajazibwa kwa nta."

Akaenda kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa karibu na jabali, akalala kifudifudi, tumbo chini, akasikiliza. Tk. Tk-tk. Tk. Ndani kabisa mchwa walikuwa wakisemezana kwa kugonga vichwa. Akawaletea kipande cha mti mkavu. Wakala, naye akasikiliza. Kesho yake akaleta kingine. Ikawa ndiyo kazi yake.

Siku moja akajaribu kugota mwenyewe, kwa unyayo. Tum, tk, tk! Mchwa wakatoka mbio, wakajenga, wakamaliza. Bi Pimbi akatazama. Mlango mdogo, mzuri, umesimama peke yake katikati ya uwanja. Nyumba haipo!

Akacheka mpaka akakaa chini. Mama Kware akaja kuona kinachochekesha. Akaja na Nungunungu, fundi wa kusuka mikeka, mwenye maneno mengi. Mwisho akafika Kobe, ambaye alikuwa ametoka nyumbani kabla yao wote.

"Mlango wa kuingilia wapi huu?" Nungunungu akauliza.

"Wa kuingilia kwenye akili," Bi Pimbi akajibu. "Njooni niwaonyeshe."

Na akawaonyesha! Alipanga kokoto juu ya jabali, kubwa na ndogo, peupe, kila mtu aone. Hili ni neno la mlango, hili ni la ukuta. Mama Kware akatunga neno la rafu ya juu ya kuwekea mayai. Nungunungu akaleta neno la dirisha. Kobe alisoma kokoto polepole, moja moja, akasema, "Hapa pamekosewa. Ukigota hivi, paa litakuwa chini na sakafu juu." Wakaangalia. Kweli! Wakarekebisha, wakamshangilia, naye akaingiza kichwa ndani ya gamba kwa aibu.

Lugha yao wakaiita Kigota. Wanyama wakamiminika jabalini. Aliyetaka neno alilichukua, aliyetaka kulibadilisha alilibadilisha, kisha akarudisha alichobadilisha. Twiga akapata nyumba ndefu. Popo akapata nyumba iliyojengwa juu chini, akafurahi sana.

Kasoro ilikuwa moja, tena kubwa. Nyumba za Kigota ziliinama. Ziliegemea upande kama mtu mwenye usingizi, kwa sababu hakuna aliyelijua neno la msingi. Hilo Kifaru alikuwa nalo, ndani ya nta. Bi Pimbi alisikiliza vichuguu mpaka tumbo likachubuka, hakulipata. Na mawingu yalizidi kuwa meusi.

"Tena kuna hili," Kobe alisema. "Kifaru akija akachukua Kigota chote, akakifungia kwenye kibuyu, akasema ni chake, nani atambishia? Mimi na gamba langu?"

Bi Pimbi akakuna sikio lake la duara. Kisha akatabasamu, akaenda kichuguuni na mzigo mzima wa kuni kavu, akakaa huko akigotana na Malkia wa mchwa, tk-tk-tum, tum-tk, mpaka wakaelewana.

Naam, Kifaru akaja. Alikuja mchana kweupe, anatabasamu, na tabasamu la kifaru, wanangu, si jambo la kuzoea.

"Bi mdogo! Nasikia una lugha nzuri. Ingawa nyumba zenu zinasinzia, ha ha! Je, mimi naruhusiwa kuichukua?"

"Karibu, kaka mkubwa. Ni ya wote."

"Yote?"

"Yote. Sharti ni moja tu. Kila amri ya Kigota inaishia kwa neno 'onyesha'. Ukitumia, unaonyesha. Ukiongeza chako humo, nacho unakionyesha. Usipoonyesha mwenyewe, mchwa watakusaidia kuonyesha. Umesikia?"

"Nimesikia, nimesikia," alisema Kifaru, lakini macho yake yalikuwa kwenye kokoto, na midomo yake ilikuwa tayari inazihesabu.

"Nirudie, kaka?"

"Hebu! Nina kazi mimi."

"Mama Kware, umesikia nilivyomwambia?"

"Nimesikia," akasema Mama Kware. "Na Kobe amesikia. Na Nungunungu amesikia."

Kifaru akanakili kila kitu mpaka kokoto ya mwisho. Alipofika nyumbani, akachukua kibuyu kikubwa kuliko vyote. Akatunga Kigota chote kwenye uzi, milango, madirisha, rafu. Kisha, ili nyumba zisisinzie, akaunganisha na neno lake la msingi, lile la siri. Akaziba kwa nta tabaka juu ya tabaka.

Halafu akapuliza baragumu, puuu! Wanyama wote wakakusanyika uwanjani kwake.

"Sikilizeni!" alinguruma. "Hiki ni Kibuyu Kikuu! Kinajenga nyumba yenye mlango wa kila kimo, yenye madirisha, na haiinami! Lugha hii ni yangu. Kuanzia leo, nitakayemkuta akigota jabalini nitamkanyaga. Atakaye nyumba, aje na mtama!"

Bi Pimbi alikuwa mbele, mapacha wake mgongoni. Je, Malkia angekumbuka? Je, mchwa wangemwogopa Kifaru? Lakini akapaza sauti, nyembamba na tamu:

"Hongera, kaka mkubwa! Hebu tikisa tuone!"

"Tikisa! Tikisa!" wanyama wakaitikia.

Kifaru akavimba kifua. Akakitundika kibuyu kwenye pembe yake, akakitikisa kikigonga ardhi. Kacha-kacha-kum! Kacha-kacha-tk-tk-kum!

Mchwa hao! Wakatoka kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Wakachimba msingi, wakapandisha kuta, wakatoboa madirisha, wakaweka mlango na paa. Nyumba ikasimama wima.

"Mnaona?" Kifaru akasema kwa fahari. "Mnao..."

Mchwa hawakurudi chini. Walikuwa wanapanda. Wanapanda mguuni kwake, wanapita shingoni, wanaingia kwenye Kibuyu Kikuu.

"Nini hiki? Shukeni! Nimesema shukeni!"

Wapi! Mchwa hawasikii kelele. Kru-kru-kru-kru! Wakala nta, wakala mdomo wa kibuyu, wakala tumbo lake, na Kifaru anazunguka, anapiga chafya, anarusha mateke hewani. Papo hapo kibuyu kikapasuka, paa! Uzi ukaanguka chini, mrefu, kokoto zote zimetandazwa mchangani, kubwa na ndogo, mbele ya macho ya kila mtu.

"Wizi!" Kifaru akalia. "Uchawi! Bi mdogo, umenidanganya!"

"Nimekudanganya?" Bi Pimbi akasema. "Mama Kware, nilimwambiaje?"

Mama Kware akasogea mbele, mwanamke aliyepoteza mayai yake yote, akakariri neno kwa neno: "Ukitumia, unaonyesha. Ukiongeza chako humo, nacho unakionyesha. Usipoonyesha mwenyewe, mchwa watakusaidia kuonyesha. Na wewe ukasema, 'Nimesikia, nimesikia.'"

Kicheko kilichopasuka hapo! Twiga alicheka mpaka shingo ikajikunja. Kifaru akatazama chini, pembe yake ikachora mchangani.

Lakini Kobe hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama juu ya uzi, anasoma polepole.

"Jamani," alisema, "njooni muone neno hili la msingi. Mzito, mzito, kimya kidogo, halafu mwepesi. Anawaambia mchwa wasubiri udongo ukae kwanza! Mimi nisingelifikiria hata ningeishi mara mbili."

Wanyama wakasogea. "Kumbe!" wakanong'ona. "Kumbe ndivyo inavyofanywa! Kazi ya ajabu hii."

Sikio moja la Kifaru likainuka. Tangu aanze kutengeneza vibuyu, watu walikuwa wamemwogopa na kumletea mtama, ila hakuna aliyewahi kumsifia kazi, maana hakuna aliyewahi kuiona.

"Mmm," alikohoa. "Hapo kwenye kimya... hapo nilihangaika sana. Mwanzoni nilikuwa naweka kimya kabla ya mgoto wa pili. Ukuta ulikuwa unaniangukia."

"Unakuangukia wewe?" Nungunungu akashangaa.

"Kichwani!"

"Hebu tuonyeshe, kaka mkubwa," Bi Pimbi akasema, na safari hii hakukuwa na ujanja katika sauti yake. "Mawingu hayo hapo. Tuna nyumba nyingi zilizoinama, na wewe ndiye unayelijua neno hili kuliko sisi sote."

Kifaru alisita. Kisha akainua unyayo wake mkubwa. Tum. Tum. Kimya. Tk.

Siku ile jabali zima lilitikisika kwa migoto ya wakubwa na wadogo, mpaka kila nyumba ikasimama wima. Mvua ilipofika ilifika kwa hasira, ikapiga kuta, ikatafuta milango mikubwa ya kuingilia, isiione. Ndani, Bi Pimbi alikuwa amekaa na mapacha wake juu ya mkeka mkavu, wanakula kunde za moto, na kwa jirani Mama Kware alikuwa anaimba juu ya rafu yake iliyojaa mayai.

Basi mimi nimefika mwisho, wanangu, na funzo ni hili: ukichukua kilichoachwa wazi kwa ajili ya wote, nawe kiache wazi.