Bi Kindi na Mkeka Usiokalika

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakifua nguo zao na kugombania kamba za kuanikia, palikuwa na mji kando ya mto, na katika mji huo aliishi Bi Kindi, msukaji wa mikeka. Msicheke, wanangu. Kindi ni mdogo, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko ulimi wa mmbea.

Bi Kindi alichana ukindu, akautia rangi, akasuka ukili mrefu, kisha akaushona ukawa mkeka. Alijua kusuka mawimbi, alijua kusuka samaki, na alijua hata kusuka maandishi. Maandishi yalikuwa na kazi yake, maana mji ule ulikuwa na desturi. Mkeka wa harusi husukwa maneno ya kuwakaribisha wageni. Hukunjuliwa mbele yao, na hakuna anayevua viatu akaukalia mpaka mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote ayasome kwa sauti. Maneno ya mkekani ni maneno ya mwenyeji. Yakishasomwa yamesemwa, hayarudi tena mdomoni.

Basi alasiri moja Bi Kindi alikwenda kwa shoga yake wa tangu utotoni, Mama Nungu, yule nungunungu muuza kahawa. Kwapani alikuwa na bunda la ukili. Hakubisha hodi, hakuamkia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la mkaa, akautumbukiza ukili motoni. Fuuu!

Mama Nungu alichupa kutoka kwenye kigoda chake, akauchomoa ukili kwa mwiba wake mmoja mrefu na kuukanyagakanyaga mpaka moto ukazimika.

"Una wazimu, shoga?"

"Nimeacha kusuka," alisema Bi Kindi. "Kesho nakwenda kubeba kuni kwa Fisi. Kuni angalau mtu hulipwa kwa mzigo."

Mama Nungu alimtazama, akaona macho yamemwiva mekundu.  Alichukua dele, akamimina kahawa yenye tangawizi kwenye kikombe kidogo, akamwekea na kipande cha kashata. Hivyo ndivyo alivyotibu maradhi yote, kuanzia mafua hadi talaka.

Baada ya kikombe cha pili mambo yalitoka. Bwana Kiboko, tajiri wa mtoni, alikuwa anamwoza binti yake kwa akina Kifaru, na alitaka mkeka mkubwa kuliko yote iliyowahi kusukwa. Bi Kindi alimwuliza malipo. Kiboko alicheka mpaka maji ya mto yakapanda, akasema malipo ni sifa: atamtaja mbele ya wageni, wageni watamjua, na akijulikana atatajirika. Maneno hayohayo aliyasema kwa mkeka wa mwaka jana, na wa mwaka juzi, na mingine mitano kabla ya hiyo. Ilishafika mikeka saba, na kulipwa hajalipwa hata punje ya mtama. Sasa masika yalikuwa yanabisha hodi, na ghalani mwa Bi Kindi zilibaki njugu za kumshibisha panya mmoja. Watoto alikuwa nao wawili.

"Mbona wewe kahawa yako wanalipa?" aliuliza Bi Kindi. "Tena Kiboko huyohuyo."

"Kwa sababu nisipolipwa simimini."

"Mimi nikimdai ananiambia ni majani tu. Eti nimeyaokota porini bure."

"Na kahawa yangu iliota wapi, mezani?" Mama Nungu alimimina tena, chururu. "Hayo majani yako porini miaka yote. Mbona yeye hajaenda akayafanya mkeka? Analolikimbia kulilipa ni hilo lililomo kichwani mwako. Hilo halioni."

"Halioni kweli. Hajawahi kuutazama mkeka wangu hata mmoja. Akiletewa, yeye huugeuzia mgongo, akakaa. Puu! Kwisha."

Mama Nungu akaacha kumimina.

"Hebu rudia hapo, shoga."

"Nasema hautazami. Anaujua kwa makalio tu."

Wakatazamana. Kikombe kikabaki hewani. Polepole mkia wa Bi Kindi ukaanza kusimama, unywele mmoja mmoja, na miiba ya Mama Nungu ikaanza kulia chaka, chaka, chaka, kama inavyolia akifurahi.

"Hautazami," alinong'ona Bi Kindi.

"Wala hayasomi yaliyomo," alinong'ona Mama Nungu.

"Na yakishasomwa na mgeni..."

"Ni maneno yake mwenyewe!"

Jamani, walicheka! Walicheka mpaka kashata ikampalia Bi Kindi, akapigwa mgongo, akaendelea kucheka. Moyo uliokuja umekunjamana kama kitambaa cha jikoni sasa ulikuwa unadunda. Alikwishayaona maneno yale, alikwishaona na rangi yake, nyekundu juu ya nyeupe, na mawimbi pembeni. Vidole vilimwasha. Alitaka kukimbia nyumbani dakika ileile.

Lakini Mama Nungu alimshika mkono. Alisema jambo lifanywe kwa haki. Kiboko aitwe aje autazame mkeka, tena aitwe mara tatu, asije kusema amevamiwa gizani. Akiutazama hata mara moja, basi amenusurika, na Bi Kindi atabadilisha maneno.

Bi Kindi alikubali. Alisuka siku kumi na mbili, akiimba. Siku ya nne alikwenda mtoni.

"Bwana Mkubwa, njoo uyatazame maandishi kama yanakuridhisha."

"Sina nafasi," alisema Kiboko, naye amelala chali.

Siku ya nane alikwenda tena. Kiboko alimwambia asimsumbue kwa habari za majani, yeye ana harusi. Siku ya kumi na mbili alikwenda mara ya tatu, na bunda la mkeka kichwani.

"Nimeumaliza, Bwana. Nikukunjulie uone?"

Kiboko alipiga miayo, kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala. "Wewe kiumbe! Mkeka ni wa kukaliwa, si wa kutazamwa. Uweke hapo, uende zako."

Aliuweka, akaenda zake. 

Siku ya harusi ikafika. Ngoma zilirindima, ndu! ndu! ndu! Pilau lilinukia mpaka ng'ambo ya mto. Akina Kifaru walikuja ukoo mzima, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wamesimama kwenye mstari wakisubiri kukaribishwa. Bi Kindi alikuwa pembeni na Mama Nungu, aliyekodiwa kupika kahawa.  Likiharibika hili, alijua, hatapata kazi tena mji ule, hata ya kuni.

Kiboko alitoa ishara. Mkeka ukakunjuliwa, shwaaa! Watu wakaguna kwa uzuri wake. Mto mzima ulikuwa mle, na mawimbi na samaki na matete, na katikati safu ya maandishi mekundu. Kiboko hakugeuza shingo. Alikuwa akiwachekea wakwe.

Aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote ni Bibi Kifaru, nyanyake bwana harusi. Macho yake yalikuwa hafifu, kwa hiyo aliinama mpaka pembe ikagusa ukindu, akatembea nayo herufi kwa herufi.  Akasoma kwa sauti nzito:

"KA-RI-BU-NI WA-GE-NI WE-TU."

"Karibuni, karibuni!" aliitikia Kiboko, kifua mbele.

"KA-BLA HAM-JA-KA-A," aliendelea bibi, "NA-M-LI-PA MSU-KA-JI."

Kiboko alikuwa ameshainama kukaa. Alibaki hivyohivyo, hajakaa wala hajasimama.

"Umesema maneno ya heshima, mkwe wangu," alisema Bibi Kifaru. "Kwetu hatujawahi kusikia karibu nzuri kama hii. Basi mlipe, tukae. Miguu inaniuma."

"Ni... ni mzaha wa msukaji tu, Bibi."

"Mkeka ni wa nani?"

"Wangu."

"Na maneno ya mkekani ni ya nani?"

Kiboko alitazama huku na huku. Akina Kifaru wote walikuwa wamesimama, viatu miguuni, na hakuna hata mmoja aliyepiga hatua. Pilau lilikuwa linapoa. Bibi harusi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Hapo Kiboko alimwendea Bi Kindi upesiupesi, akamwinamia sikioni. Alimwambia atamsifu, sasa hivi, mbele ya wote, tena sana.

"Ahsante, Bwana Mkubwa," alijibu Bi Kindi, na sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Lakini sifa ulizonipa mwaka juzi bado ninazo. Watoto wamekataa kuzila."

Mama Nungu aligonganisha vikombe, ting'i ting'i, na ukoo wote wa Kifaru ukaangua kicheko. Kiboko alitoka jasho. Akapiga makofi, na kikapu cha mtama kikaletwa, kimejaa mpaka kinamwagika. Bi Kindi hakukigusa. Alisema hicho ni cha mkeka huu, na iko mingine saba inayosubiri vikapu vyake. Basi vikaja vingine, kimoja nyuma ya kingine, na kila kilipotua, pu, watu wakaitikia kwa vigelegele.

Kilipotua cha mwisho, Bi Kindi alivua ushungi wake kichwani, akaupungia mkeka.

"Karibuni mkae," alisema.

Wakakaa. Kiboko peke yake alibaki wima, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akainamisha kichwa kuutazama mkeka. Alitazama muda mrefu. Aliona matete ya kwao, aliona na lile jiwe analolalia mchana.

"Jiwe langu hili," alisema kwa sauti ndogo. "Umelitoa wapi, Bi Kindi?"

"Palepale usipopaona, Bwana. Kichwani."

Jioni ile, kabla jua halijazama, mvua ya kwanza ya masika ilianguka. Bi Kindi alikuwa kwa Mama Nungu, anakunywa kahawa, na ukili ulioungua ncha uko mapajani mwake, anausuka upya. Ghalani watoto wake walikuwa wanapanda na kushuka juu ya mtama. Na tangu siku hiyo kila mnyama mkubwa wa mji ule, akitaka mkeka, kwanza huinama akautazama.

Asiyeitazama kazi ya mwenzake, siku moja atashindwa kuikalia kwa aibu.

Nami hadithi nimeikunja kama mkeka. Atakayetaka niikunjue tena, atangulize kikombe cha kahawa.