Kiti Kilichotazama Ukuta

Kilio cha mtoto humtisha nani? Si jirani, maana jirani hufunga dirisha akalala. Humtisha yule ampendaye. Ndiyo maana wahenga, walipotuonya juu ya kuchelea mwana kulia, hawakumkemea mtoto hata kwa neno moja. Walimnyooshea kidole mtu mzima anayedhani kwamba machozi yakizuiwa hukauka. Hayakauki. Huhama macho.

Katika jiji moja alikuwako mwenyekiti wa kamati ya ajira, mtu wa makamo, mrefu kama mlingoti, mwenye sifa mbili: uadilifu na udadisi. Uadilifu wake ulijulikana ofisi zote za jiji. Udadisi wake ulijulikana hata kwa wauza magazeti, kwani hakuweza kupita penye minong'ono bila kupunguza mwendo. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya kugeuza kiti: mjumbe ambaye ndugu yake anaomba kazi hukigeuza kiti chake kikatazama ukuta, kisha hutoka nje mpaka usaili umalizike. "Mwenye ndugu ndani, yeye nje," alipenda kusema, na wajumbe wake walicheka kwa adabu.

Jumapili moja dada yake mjane alimjia nyumbani akiwa na mwanawe wa pekee, wote wawili wamependeza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona mmejipamba hivyo, mnakwenda kupiga picha?"

"Kaka, nafasi ya mkuu wa zimamoto imetangazwa," dada alisema.

"Najua. Nimeitangaza mimi."

"Basi mwanao anataka kuomba."

Chai ilimpalia mwenyekiti. "Zimamoto? Huyu? Dada, huyu akiona kiberiti anamwita mama yake!"

Kijana alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na cheti cha utawala, suti moja iliyomkaa vizuri na ulimi wa asali. Kazi alizianza nyingi akaziacha, na kila alipoacha moja, mjomba alimtafutia nyingine, kwa kuwa mama mtu alilia.

"Waanze kumpokea kama askari," mwenyekiti alishauri. "Avute mipira, apande ngazi, aujue moto unanukaje. Ukuu utamkuta hukohuko."

Kidevu cha dada kilianza kutetemeka. "Baba yake angekuwa hai, nisingekuja kukupigia magoti." Machozi yakamdondoka. Mwenyekiti aliyewahi kuwatimua makandarasi ofisini kwake aliyeyuka kama siagi juani.

"Basi, basi, mdogo wangu. Aombe. Lakini siku hiyo nitageuza kiti nitoke."

"Kwani nani amekwambia ukae?" dada aliuliza, na machozi yake yalikuwa yamekatika kama mvua ya kupita.

Siku ya usaili mwenyekiti alitimiza ahadi. Alikigeuza kiti, akatoka, akafunga mlango. Ukumbini alilisoma tangazo la usafi wa vyoo mpaka akalikariri. Akasikia sauti ya mpwa wake, maneno hayakumfikia, kisha kicheko kikubwa, kisha kimya. Kicheko cha nini? Angetoa jino lake moja ajue. Hata hivyo hakutega sikio mlangoni, maana sheria ilikuwa yake.

Matokeo yalipotoka, mpwa alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa naibu wa kikosi, mwanamke aliyepanda cheo baada ya cheo akipitia moshini.

Udadisi ukaanza kumtekenya mwenyekiti. Alitoka nje kweli. Hakumpigia mjumbe yeyote simu. Je, kijana alishinda mwenyewe? Alimwendea mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, mpwa wangu alijibuje?"

"Alijibu kwa kujiamini."

"Alijibu nini?"

"Kwa kujiamini sana," mwalimu alirudia, akaanza kutafuta mwavuli wake ingawa nje jua lilikuwa likiwaka.

Jibu hilo lilimwongezea kiu. Akaenda kwa mhasibu wa jiji, mjumbe wa kamati ileile, mama asiyepindisha maneno. Akamkuta ofisini peke yake.

"Mama, niambie ukweli wa usaili ule."

"Unataka kujua, mwenyekiti, au unataka kutulizwa?"

"Kujua."

"Haya. Tulimuuliza, akifika penye moto ataanza na nini. Akasema ataunda kamati ndogo."

"Ndipo mkacheka?"

"Tungeachaje? Kisha tukakitazama kiti chako, tukanyamaza. Tukampa alama."

"Lakini kiti kilitazama ukuta!"

"Kiti kilitazama ukuta, sisi tukatazama kiti. Nani anatuteua kwenye kamati? Nani atatutathmini mwisho wa mwaka? Ulitoka wewe, mwenyekiti. Cheo chako ulikiacha kimekaa." Mama akashusha sauti. "Hujachelewa. Barua ya uteuzi hujaisaini. Sema neno, wasailiwe upya na watu wasiokujua. Mimi nitasimama nawe."

Mwenyekiti alishuka ngazi akiwa amekata shauri. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Akamkuta anapiga pasi sare mpya, na kijana yuko mbele ya kioo, kofia anaiweka upande huu, anaihamishia upande ule. Majirani walikuwa wamekuja kutoa pongezi.

"Dada, kuna jambo kuhusu ule usaili."

"Jambo gani, kaka?"

Pasi ilisimama. Kidevu kikaanza kutetemeka. Mwenyekiti alikitazama kile kidevu kama mtu anavyotazama mto uliofurika, akarudi nyuma.

"Wamesema alijiamini sana," akajibu.

Asubuhi yake alisaini.

Mkuu mpya aliingia kazini kwa kishindo. Askari wake hawakumwita Mkuu. Kisirisiri walimwita Mpwa. Jambo la kwanza lililomkera ni mabomba ya zimamoto yaliyosimama kando ya barabara, yamechakaa na kupauka. La pili ni desturi ya kikosi ya kuyafungua kila wiki, kuyatoa maji kidogo na kuvipaka grisi vifuniko.

"Kumwaga maji barabarani ndiyo kazi?" aliuliza. Akaifuta desturi ile, akaagiza rangi ya mafuta, nyekundu ya kuwaka, mabomba yote yakapakwa toka juu mpaka chini, vifuniko na viungo vyake.

"Mkuu, rangi ikikauka itashika vifuniko," naibu alimwambia.

"Dada yangu, wewe hupendi mji ung'are?"

Mji uling'ara kweli. Madiwani walisifu, magazeti yalipiga picha, na mwenyekiti alipoyaona mabomba yale alipumua. Huenda mambo yangekwenda sawa.

Moto ulizuka mchana, katika ghala la vitambaa. Kikosi kiliwahi. Maji ya gari yalipoanza kupungua, naibu alikimbilia bomba la karibu, akatia spana, akavuta. Kifuniko hakikucheza. Askari wawili wakamsaidia; spana ikateleza, rangi ikabanduka kidogo tu. Bomba la pili likawa vivyo hivyo. Na kutoka ndani ya ghala mlinzi alikuwa anapiga kelele.

Mpwa alisikia zile kelele. Hakuunda kamati. Aliukimbilia mlango wa chuma, akalikamata komeo kwa mikono yake miwili mitupu. Askari mpya hufundishwa mapema kabisa kwamba mlango wa aina ile hauguswi kabla ya kupimwa joto, wala haushikwi bila glavu. Yeye hakuwahi kuwa askari mpya. Komeo lilifunguka, mlinzi akatoka hai, na ngozi ya viganja vya kijana ikabaki kwenye chuma.

Mwenyekiti alimkuta dada yake hospitalini, ameketi kwenye benchi la ukumbini, amenyooka kama mti mkavu. Macho yake hayakuwa na hata tone.

"Mhasibu wenu alipita hapa," alisema. "Nilimuuliza, akaniambia yote. Kaka, ulijua?"

"Nilijua. Nilikuja kukwambia, nikaona unataka kulia."

"Si ungeniacha nilie! Mimi ni mama, kulia ni kazi yangu. Kazi yako wewe ilikuwa kukataa."

Mwenyekiti akampita. Akaingia chumbani. Mpwa wake alikuwa amelala, mikono imefungwa bendeji mpaka viwiko.

"Mjomba," kijana aliita kwa sauti ya chini, "siku ile niliwachekesha wazee wale. Nikadhani wamenipenda. Mbona hukuniambia kwamba sijui kitu?"

Maisha yake yote mwenyekiti alikuwa mtu wa kuuliza. Leo ameulizwa yeye. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akatafuta mahali pa kumshika mwana wa dada yake, asipate, maana mikono yote ilikuwa bendeji. Ndipo mabega yake yalipoanza kutikisika. Alilia kwa sauti, mpaka wauguzi wakachungulia. Dada yake akasimama mlangoni akimtazama, macho makavu, asimnyamazishe.

Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.