Huku Nyuma Hakuna Mtu

Ndugu zangu katika imani, leo sina maneno mengi. Joto mnaliona wenyewe, na mimi kama ninyi nimechoka. Nitawasimulia habari za mtu mwingine aliyechoka, kisha tuswali twende zetu.

Kulikuwa na mtu mmoja, msimamizi wa msikiti wa mtaa. Kazi hiyo mnaijua. Bomba likivuja anaitwa yeye, kipaza sauti kikikoroma anaitwa yeye, na asante haisikii. Mtu huyu alikuwa na mama yake, mzee. Ijumaa moja ya kiangazi mama yule alizidiwa na joto katika chumba cha kina mama, akaanguka katikati ya swala, wakamtoa kwa kumbeba. Habari ilipomfikia mwanawe huku mbele, alilia mbele za watu. Akaapa kwamba msikiti ule utapata kiyoyozi, na si hivi vidogo vya ukutani. Alitaka ile mashine kubwa, sanduku zima linalokaa nje na kusukuma baridi ndani kwa mabomba mapana ya bati.

Watu wa kheri wakaitoa. Mkidhani hapo shida iliisha, basi hamjawahi kusimamia kitu. Mashine ile huitui chini kama gunia la mkaa. Inataka jukwaa la zege, ukuta utobolewe, waya mnene uvutwe kutoka nguzoni, na mfereji wa kupitisha maji yake.

Kwanza ikatafutwa sehemu ya kuiweka. Wakazunguka nyuma, yeye na fundi, kwenye ujia mwembamba kati ya msikiti na ua wa jirani. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, kimya kabisa.

"Mzee," fundi akamwambia, "hii ikipeleka baridi ndani, joto lote inalitemea huku nje. Huku kuna watu?"

Yule bwana akatazama. Hapakuwa na kitu ila kiti kimoja cha plastiki, mguu wake umefungwa kwa waya.

"Huku nyuma hakuna mtu," akasema. Kile kiti akakisogeza kando kwa mkono wake mwenyewe.

Msimlaumu haraka. Mlango wa kina mama ulikuwa huko nyuma, na mwanamume mwenye adabu zake hapiti huko wakati wa swala. Miaka yote ya usimamizi wake, ule ujia aliukuta mtupu.

Kazi ikaanza, ikamla. Jukwaa lilipokauka wakaweka pimamaji, wakakuta limeinama upande mmoja. Likavunjwa, likamwagwa upya. Duka lake likawa linashinda limefungwa, mgongo ukamkaza, na waumini, Mungu atusamehe, walikuwa wakipita wanamuuliza, "Bado tu?"

Jioni moja mama yake akamtazama akila. Tonge lilikuwa linamshinda kufikisha mdomoni, na macho yalikuwa mekundu kwa vumbi la saruji.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, mama. Lakini ni kwa ajili yako. Hutaanguka tena."

"Na hiyo mashine mnaiweka wapi?"

"Nyuma, kwenye ule ujia. Pasipo na mtu."

Mama akamsogezea sahani karibu. Kisha akasema, "Mungu akulipe," akainuka kumtengea maji ya kuoga.

Ijumaa ikafika, mashine ikawashwa. Ndugu zangu, baridi! Mzee mmoja akauliza kama kuna wa kumwazima shuka. Yule bwana aliketi safu ya mbele, na kwa mara ya kwanza tangu aape, mabega yakamshuka. Alimfikiria mama yake upande wa pili wa ukuta, anavuta pumzi vizuri. Nusura asinzie kwa raha. Baada ya swala kila mtu alimshika mkono.

Akarudi nyumbani akitaka kusikia neno moja tu kutoka kwa mama. Akamkuta ameketi dirishani, uso umelowa jasho.

"Mama, hukuja?"

"Nilikuja. Upepo ule ni wa moto mno, mwanangu. Nilivumilia, nikashindwa, nikarudi kuswali hapa."

"Upepo gani wa moto? Chumba chenu kina baridi."

"Anayeswali kwenye kiti haenei mle chumbani. Tangu siku ile nilipoanguka, wenzangu waliniwekea kiti nje, kwenye ujia. Kile chenye mguu wa waya."

Mtu mzima yule akakaa sakafuni.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulisema hakuna mtu. Na ulikuwa umechoka sana, sikutaka kukuongezea."

Ndugu zangu, angekuwa mtu mbaya nisingewasumbua naye. Kinachonitisha ni kwamba alikuwa mwema. Nia yake ilikuwa safi na jasho lake la kweli, na bado mama aliyemfanyia yote yale ndiye aliyefukuzwa msikitini.

Mashine ile haiui joto. Inalitoa hapa inalipeleka pale. Na sisi je? Tukila karamu huku tumeketi kwenye busati, ni nani anayepikwa na moto pamoja na sufuria tangu alfajiri? Tukisifiwa kwamba nyumba zetu zina utulivu, ni nani anayemeza maneno yake ili utulivu huo uwepo? Tunasema hakuna mtu, kwa sababu tunapita pale saa ambazo hayupo. Na tukirudi nyumbani tunauvaa uchovu wetu usoni, hata wanaotupenda wanaogopa kusema.

Yule bwana kesho yake alirudi na nyundo, mgongo ukimuuma vilevile, akaanza kulivunja lile jukwaa alilolipima mwenyewe. Mpita njia akamuuliza, "Bado tu?" Akajibu, "Bado."

Basi leo tukifika nyumbani, kabla ya chakula, kila mmoja wetu amuulize mama yake, au mkewe, au dada yake: leo ulikaa wapi? Na akianza kujibu, tusimwambie tumechoka.