Ua la Mkono wa Nasra

Kisu kisicholala kwako si chako.

Mmeusikia msemo huo leo kwa fundi cherehani pale kona, mkacheka, mkadhani anamsema mtu aliyeazima kisu cha jikoni akakaa nacho. Sivyo. Methali hii haina umri mkubwa. Aliyeitamka mara ya kwanza niliishi naye ukuta kwa ukuta hapahapa Tanga, tukipeana chumvi dirishani. Kwa kuwa mmeuliza, nitawaeleza ilikotoka.

Jina lake Mwantumu, mke wa Shekue seremala. Kazi yake ilikuwa mapambo ya karatasi. Kukiwa na harusi au hitima ya watoto wa madrasa, watu walimjia, naye akakunja karatasi, akapitisha mkasi, na alipoikunjua likatokea ua, au mwezi na nyota, au jina la bibi harusi limezungukwa na majani. Hakuchora kwanza. Mkasi wenyewe ulikuwa ukijua njia.

Lakini lilikuwapo ua moja ambalo hakumkatia mtu. Siku moja binti yake, Nasra, angali mdogo wa kuanza chekechea, alimsumbua mamake akitaka naye kazi. Mwantumu akamwekea kiganja juu ya karatasi, akazungusha penseli kwenye vidole, kisha akaufuata ule mstari kwa mkasi. Likatoka ua la petali tano, moja fupi na nene, imekaa upande, maana ndiyo dole gumba. Kwa hiyo ua lenyewe lilionekana kama limeinama kumsikiliza mtu. Mwantumu alilipenda mno. Akaliweka sandukuni pamoja na kanga ya kisutu, akasema hilo ni la harusi ya Nasra, na kabla ya siku hiyo halitaonekana kwenye ukumbi wa mtu yeyote. Wateja waliowahi kuliona walilitaka. Aliwajibu kwa upole kwamba lina mwenyewe.

Nasra akakua, akasoma, posa ikaja na ikakubaliwa. Wakati huo vidole vya Mwantumu vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa mkasi wa miaka yote ile. Akishika kikombe cha chai hujui kama atakifikisha mdomoni. Na yeye alitaka ukumbi mzima wa harusi ya mwanawe uchanue lile ua, kutani, mezani, kwenye kadi, mpaka kwenye kiti cha bibi harusi. Kwa mkono peke yake asingeweza. Ndipo akasikia kuna mashine za umeme za kukatia karatasi, ndogo za kukaa mezani nyumbani, zina kisu kidogo kama ukucha kinachokwenda chenyewe.

Akaenda dukani, na wifi yake Hidaya akamsindikiza. Hidaya alikuwa dada mkubwa wa Shekue, mwanamke mcheshi, mwepesi wa simu na mitandao, na kama mnavyojua, wifi mkubwa katika nyumba ya kaka yake hapingwi ovyo, tena mbele ya watu.

Muuzaji akawawekea mashine mbili. Moja nyeupe, nyembamba, inang'aa. Hiyo, alisema, ina nguvu, inakata hata ngozi ya viatu, ila haifanyi kitu bila simu kubwa na mtandao. Inaandikishwa kwa jina la mtu, na kila mchoro unaotiwa humo unakwenda kukaa huko mtandaoni kwenye jina hilo. Ya pili ilikuwa nene, ya kijivu, sura yake kama mashine ya kupima uzito. Hiyo ilikuwa na kioo chake. Unaiwekea karatasi yenye mchoro, inausoma, inauhifadhi tumboni mwake. Ngozi haiwezi, na kadibodi nene huitafuna kingo. Karatasi na stika inakata vizuri sana.

Mwantumu akaipapasa ile ya kijivu. Yeye na ngozi wapi na wapi?

"Nadhani hii itanifaa," alisema. "Mie kazi yangu karatasi."

"Wifi, hilo ni dude," Hidaya akamwambia. "Watu watadhani umefungua kituo cha kupima watoto. Wenzio wote wana nyeupe."

"Nyeupe inataka simu kubwa. Mie nina kitochi."

"Na mie nina nini mkononi, kitumbua? Simu yangu ipo. Ukitaka kukata, niite."

Muuzaji, kijana mwenye haya, akauliza basi aandike jina la nani. Mwantumu akamtazama wifi yake. Hidaya akacheka, akamshika bega.

"Andika langu. Huyu ni mke wa kaka yangu, mimi na yeye tutatupana wapi?"

Hapo, wajukuu zangu, ndipo mambo yalipogeukia, na hakuna aliyesikia kishindo. Mwantumu angesema, "Hapana, wifi, naomba ile ya kijivu." Lakini kulisema hilo mbele ya muuzaji ni sawa na kusema simwamini dada wa mume wangu. Na nyinyi mnajua, sisi tuko radhi kuumia kuliko kuonekana hatumwamini ndugu. Akaitikia kwa kichwa. Jina likaandikwa.

Mashine ikaja nyumbani, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Hidaya alikuwa akija jioni na simu yake. Siku moja Mwantumu akafungua sanduku, akatoa lile ua, akamwomba alipige picha ili wajaribu. Nilikuwapo. Kile kisu kikaanza kutembea, kwi kwi kwi, kikafuata vidole vya Nasra kimoja kimoja, na pale kwenye dole gumba kikapunguza mwendo kama mtu anayefikiri. Mwantumu akaufunika mdomo wake kwa kanga. Ua likatoka sawasawa, limeinama vilevile. Kwa akili yake, ua sasa limo ndani ya mashine, na mashine imo ndani ya nyumba yake, kama vile kisutu kilivyomo sandukuni.

Haukupita muda mrefu Hidaya naye akajinunulia mashine, nyeupe kama ile, akaanza kuchukua kazi za watu. Mwantumu hakuona ubaya, riziki ni ya wote. Alichoona ni kwamba wifi yake haji tena jioni. Leo anaumwa kichwa, kesho ana mgeni.

Kisha tukaalikwa harusi kule Chumbageni, watu hatuna undugu nao. Tulipoingia ukumbini Mwantumu akasimama mlangoni hata waliokuwa nyuma wakamgonga. Ua la Nasra lilikuwa ukutani. Lilikuwa kwenye vitambaa vya meza na kwenye chupa za maji. Watu walikuwa wakiyabandua kwenye chupa na kumbandika mtoto mmoja kwenye shavu, wakicheka. Hakula siku ile. Aliniambia tu, "Wamemkanyaga," maana mengine yalikuwa yameanguka sakafuni.

Kesho yake akampigia Hidaya, akamuuliza kwa adabu. Sijui waliambiana nini, lakini tangu siku hiyo Hidaya hakukanyaga tena kabisa, na mashine ya Mwantumu ikawa inawaka taa bila kukata kitu. Nasra alipoleta simu yake mpya kujaribu kuifungua, ikamwambia mashine hii ina mwenyewe. Wakarudi dukani. Yule kijana akasikitika, akasema yeye hana uwezo. Aliyeandikishwa ndiye pekee anayeweza kuiachia.

Tukaenda kwa Hidaya, mimi na Mwantumu. Alitukaribisha vizuri, akatutandikia mkeka, akaleta kahawa na kashata. Nyuma yake mashine yake ilikuwa ikikata.

"Wifi," Mwantumu akaanza, "nimekuja kukuomba uniachie mashine yangu."

"Mashine si iko kwako? Nimekuja kuibeba?"

"Iko. Haikati."

"Basi ipeleke hospitali."

Mwantumu akaweka kikombe chini. "Na lile ua, wifi. La mkono wa Nasra. Nilikuambia ni la harusi yake."

Hidaya akapuliza kahawa yake. "Ulinipa mwenyewe nilipige picha. Mimi niliingia kwenye sanduku lako? Tena ua ni ua tu, mama Nasra, halina hati ya nyumba. Watu wamelipenda, ungefurahi. Kunifuata kwenye simu kuniuliza kama mwizi, na mimi ndiye niliyekushika mkono siku huna hata simu ya kuiwashia hiyo mashine, hilo umeliona sawa?"

Tukanywa kahawa ikaisha, kwa sababu kuondoka bila kumaliza ingekuwa ugomvi.

Alimweleza mumewe. Shekue alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa ndugu wa mtu. Akasema ni dada yake aliyemlea, asingeweza kumwita barazani kwa ajili ya ua la karatasi. Akaahidi kumnunulia mkasi mpya, akaununua kweli, mkali na mzuri. Mwantumu akamshukuru.

Basi akarudi kwenye mkono. Usiku hapana, mwanga ulimsumbua, ila kila baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nikiusikia mkasi wake ukutani kwangu. Alikata, akapumzisha vidole kwenye maji ya moto, akakata tena. Akajaza kapu. Mimi nimeona vitu vingi vya kupendeza, lakini lile kapu lilikuwa kama limejaa watoto wanaopunga mkono.

Kama kawaida, ukumbi wa harusi ni shughuli ya upande wa bwana harusi, kwa hiyo ilimbidi Mwantumu aipelekee kamati yao mapambo yake. Walimpokea kwa heshima zote. Shangazi wa bwana harusi, mama mtu mzima mwenye maneno matamu, akaliinua ua moja, akaligeuzageuza, akawatazama wenzake.

"Mama Nasra, tusikuvunje moyo," alisema. "Ni zuri. Lakini ua hili limezoeleka, mama. Juzi nimeliona hata kwenye harusi ya jirani yangu, kwenye chupa za maji. Sisi tulitaka kitu ambacho watu hawajakiona." Kisha, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Kwani wifi yako hana jipya?"

Nasra alikuwa amekaa pembeni ya mamake. Mwantumu akamgeukia. Nadhani alitarajia mwanawe aseme, hili ua ni mkono wangu. Nasra alikuwa na aibu ya bibi harusi mbele ya wakwe, na umri ule mtu huogopa sana kuchekwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, acha tu. Watasema tumemwiga shangazi Hidaya."

Mwantumu akalichukua kapu lake. Harusi ikafanyika, ukumbi ukapambwa na maua ya dukani, yakapendeza. Yeye akakaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi, akacheka na wageni, akapokea vigelegele. Aliyemjua hakuweza kumtazama kwa muda mrefu.

Mashine ile hakuitupa. Iliendelea kukaa mezani chini ya kitambaa chake, akawa anaweka chupa ya chai juu yake. Na ndipo siku moja mwanamke kijana wa mtaani kwetu, ana mtoto mgongoni, alipokuja kumuomba ushauri. Alitaka kuanza kazi ya kukata stika na kadi nyumbani huku akilea, na alikuwa hajui achague mashine ipi. Akazitaja zote. Hii ina nguvu zaidi, ile ni rahisi kutumia, hii nyingine inakata mpaka kitambaa. Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho, akimchezea mtoto vidole vya mguu.

"Itaandikwa jina la nani?" akamuuliza.

Yule binti akasema la shoga yake, yeye ndiye mwenye simu nzuri, ni kama dada yake, wanakula sahani moja.

Mwantumu akanyanyua chupa ya chai, akaiweka kando, akakifunua kile kitambaa ili binti aione mashine, nyeupe bado, inang'aa, haina hata mkwaruzo.

"Hii nayo niliambiwa inakata mpaka ngozi," alisema. "Mashine ilikuwa ikilala kwangu, mwanangu. Kisu kililala kwa wifi yangu, kwenye jina lake. Kisu kisicholala kwako si chako."