Ngiri na Kibuyu cha Kichwani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona mnaitikia kama mnaumwa jino? Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kila mnyama alikuwa na bibi kizee anayekaa kichwani mwake na kibuyu cha dawa ya maumivu. Waliosoma wanaiita homoni. Sawa, wao wana majina, mimi nina hadithi.

Palikuwa na Ngiri, shujaa mkubwa, kwa maneno yake mwenyewe. Siku moja Chui alimrukia akampasua paja. Bibi akadondosha dawa, tone, tone, tone. Ngiri akakimbia bila kusikia kitu, akaingia shimoni kwake kinyumenyume. Bibi alipoona amefika salama, akafunga kibuyu. Lo! Maumivu yakaja.

"Bibi, fungua!"

"Dawa ni ya kukimbilia, mume wangu. Umeshafika. Sasa lala, mguu upone."

Akaomba mara ya pili. "Bibi, fungua!"

"Lala, mume wangu."

Mara ya tatu hakuomba. Shujaa haombi, ati! Akatoka nje akagonga kichwa kwenye kichuguu, pu! pu! pu! Kibuyu kikapinduka, dawa yote ikamwagika. Maumivu yakaisha kabisa. Akili nayo sijui ilikwenda wapi.

Basi bwana mkubwa akaenda ngomani. Akacheza kwa mguu ule ule uliopasuka. Akakanyaga mwiba, akacheka. Akakanyaga kaa la moto, akacheka. Akarudi nyumbani mguu umevimba kama boga.

Mkewe akalia, "Baba Watoto, mguu unanuka! Kaa chini, nakuomba. Chui akirudi utakimbiaje?"

"Unaona wivu tu kwa sababu nilicheza vizuri."

Ehee, wivu! Mama wa watu auonee wivu mguu unaooza!

Asubuhi yake Chui akaja. Mke na watoto wakatimka. Ngiri akainuka, mguu ukavunjika, ka! Akaanguka chini. Na hapo hapo dawa ya jana ikamwisha mwilini. Paja, mwiba, kaa la moto, vyote vikamwuma kwa pamoja.

"Bibi! Tone moja tu!"

Bibi akakigeuza kibuyu, akakitikisa. "Hamna kitu, mume wangu. Uliimaliza ngomani."

Chui akaanza kula, wala hakuwa na haraka. Shujaa wetu akayasikia meno yote, moja moja.

Basi wanangu, maumivu si adui yenu. Yakikwambia kaa, kaa. Dawa ya kichwani imewekwa ikufikishe nyumbani, haikuwekwa ukachezee ngoma.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye miguu mizima aibebe akaisimulie kwao. Na wewe uliyechechemea kuja hapa ukasema huumwi, leo hubebi kitu, nenda ukalale.